Nakula kila kinacholika, mbona nafungwa?

Mzee wa safu, shikamoo.

Mimi ni fundi simu, meza yangu iko karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Nina miaka 36. Drafti nimeicheza tangu utotoni Kondoa, na bila kujisifu, kijiweni kwetu chini ya mwarobaini ni watu wawili tu wanaonifunga, na mmoja wao anabahatisha.

Shida yangu ni chesi. Mwaka jana mpwa wangu wa kike alihamia kwetu Nkuhungu ili asome sekondari mjini, sasa yuko kidato cha tatu. Alikuja na ubao wa kukunja na kete za plastiki. Malkia mweusi alishapotea, mahali pake tunaweka kizibo cha soda. Alinifundisha kwa jioni mbili. Nikajiambia wiki moja itanitosha kumshika, maana ubao ni ule ule wa vyumba 64.

Tumeshacheza zaidi ya mara 40. Nimeshinda mara tatu, na moja kati ya hizo alikuwa na homa.

Cha ajabu hanifungi kwa mitego. Mitego naiona, drafti imenifundisha. Ananifunga polepole kama mtu anayekaza nati. Tunabadilishana kete mwanzoni kabisa, mimi nakula, yeye anakula, na kila nikihesabu tuko sawa. Lakini zangu hazina pa kwenda, zake zinatembea kama ziko gulioni.

Nikupe mfano. Nikiwa na nyeupe naanza na askari e4 (herufi ni mstari wa kusimama, namba ni safu ya kulala), naye e5. Farasi wangu f3, wake c6. Namweka askofu b5, anasukuma askari a6 kumfukuza. Mimi sikimbii: askofu anamla farasi wa c6, naye analipiza kwa askari wa d. Nimesikia askari wawili kwenye mstari mmoja ni ubovu, kwa hiyo nafurahi. Halafu askari wake wa e5 hana mlinzi tena, farasi wangu anamla. Hapo malkia wake anatokea d4, anawagusa farasi wangu na askari wangu wa e4 kwa pamoja. Farasi anarudi f3, malkia anakula e4 kwa cheki (anamtishia mfalme wangu), naziba na malkia wangu e2, malkia wanatoka wote, na mfalme wangu ndiye aliyelipiza. Kete sawa. Baada ya nusu saa nimefungwa.

Nikiwa na nyeusi ni vile vile. E4, e5, farasi f3, farasi c6, yeye anasukuma d4. Nakula. Farasi wake anakula. Farasi wangu anamla huyo farasi, malkia wake analipiza. Sawa kwa sawa, nafungwa.

Siku nyingine nilichangamka. Askofu wangu c4, wake c5, nikamficha mfalme pembeni kwa kupishana na ngome, akatoa farasi f6, nikarusha farasi g5. Akamficha mfalme naye. Farasi wangu akala f7, ngome yake ikalipiza, askofu wangu akaila ngome, mfalme wake akamla askofu. Nimetoa alama 6 (farasi 3, askofu 3), nimepata alama 6 (ngome 5, askari 1). Hatua 20 baadaye sikuwa na mchezo.

Juzi akaniambia mbele ya mke wangu, “Mjomba, unakula kama mtu aliyeshinda na njaa.” Mke wangu alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Nikaamua wiki nzima sili kitu mpaka nilazimike. Ikawa mbaya zaidi. Yeye e4, mimi e6, yeye d4, mimi d5, akasukuma e5, nami nikatulia. Askofu wangu wa c8 alikaa nyuma ya askari wangu mchezo mzima kama mgonjwa wodini.

Sasa mzee, nile au nisile? Na je, si aibu mtu mzima kumwomba mtoto wa kidato cha tatu amfundishe? Maana nimeanza kuchelewa kurudi nyumbani makusudi. Tena tunacheza kwa dau la soda, na nadaiwa 11.

Fundi, Nkuhungu

*

Marahaba, fundi.

Barua yako nimeisoma huku nimepanga ubao mezani, na michezo yote minne nimeicheza mpaka pale ulipoishia. Huna ugonjwa wa chesi. Unacheza drafti kwa kete za chesi.

Kwenye drafti kula ni lazima. Hata kwenye bao, ukiwa na mtaji huna budi kula. Mkono wako umelelewa na sheria hiyo tangu utotoni. Kete ikikaa mahali pa kulika, kidole kinaondoka kabla kichwa hakijaulizwa. Chesi haina sheria hiyo. Kula ni ruhusa, kwa hiyo kila unapokula umechagua, na mpwa wako anakutoza kwa uchaguzi ambao hukujua umeufanya.

Kuna tofauti ya pili ambayo wacheza drafti huchelewa sana kuiona, mimi mwenyewe nikiwamo. Kwenye drafti mlaji anaruka, anatua chumba cha mbele. Kwenye chesi mlaji anakaa pale pale alipokuwa aliyeliwa, na anayelipiza anakaa hapo hapo tena. Maana yake kila mabadilishano yanamleta mtu mahali fulani. Wewe unahesabu walioondoka. Hesabu aliyebaki amesimama wapi, na ameletwa kwa gharama ya nani.

Tuanze na mchezo wako wa nyeusi, ndio rahisi kuuona. Farasi wako amekula d4, malkia wake amelipiza. Simama hapo, usiguse kitu, tazama ubao. Kwake yuko malkia katikati kabisa na askari e4. Kwako hakuna hata kete moja iliyotoka nyumbani. Farasi wako alitumia hatua mbili kwenda kufa d4, na kifo chake kimemvuta malkia mpaka kwenye kiti cha mbele bila nauli. Kwa kawaida malkia akitoka mapema hivyo anafukuzwa, na anayemfukuza vizuri kuliko wote ni farasi wa c6. Ndiye uliyemtoa.

Basi acha farasi wawili watazamane. Mtoe askofu c5 amguse farasi wake wa d4, au mtoe farasi f6 amguse askari wa e4. Ukichagua f6, naye akaamua kumla farasi wako wa c6, lipiza kwa askari wa b. Utaniambia, “Mzee, si nimepata askari wawili mstari mmoja?” Umepata. Lakini askari huyo alitoka pembeni akasogea kuelekea katikati, sasa anaunga mkono d5, mstari wa b umefunguka kwa ngome yako, na farasi wake aliyetumia hatua tatu kufika c6 hayupo tena ubaoni. Mimi hiyo naikubali asubuhi na jioni.

Sasa tuje kwenye ule mchezo wa askofu b5, maana hapo ndipo palipo na nyama.

Kubadilishana kwenyewe si kosa. Ni njia ya zamani na ya heshima. Mwaka 1914 kule St. Petersburg, Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wakati huo, alikutana na kijana José Raúl Capablanca aliyekuwa akiongoza mashindano. Lasker alihitaji ushindi. Akacheza hiyo hiyo ya kwako: askofu anakula c6, askari wa d analipiza. Halafu akasukuma d4, askari wakalana, malkia wakalana, kufikia hatua ya 7 malkia wote wawili wako nje ya ubao. Watu hudhani anayewatoa malkia mapema anatafuta sare. Lasker alishinda, farasi wake akiwa amejichimbia e6 katikati ya kambi ya mwenzake kama kupe.

Alikuwa amenunua nini? Hesabu askari wa Lasker baada ya malkia kutoka. Upande wa mfalme nyeupe ana wanne: e, f, g, h. Nyeusi ana watatu. Upande wa malkia nyeupe ana watatu, nyeusi ana wanne, ila wawili kati ya hao wamepandana mstari wa c. Wale wanne wa nyeupe wakisukumwa kwa uangalifu watamzaa mmoja asiye na wa kumzuia mbele yake. Wale wanne wa nyeusi, nyeupe akitulia, hawazai, kwa sababu wawili waliopandana wanafanya kazi ya mmoja. Ndiyo maana kila kete kubwa inayotoka humpendeza nyeupe: anaelekea kwenye mchezo wa wafalme na askari, na huko mzigo unamwelemea nyeusi.

Sasa jitazame wewe. Umelipa askofu wako ili kununua hao askari waliopandana. Kisha farasi wako akala e5, malkia akatokea d4, ukampoteza askari wa e4. Nani alikuwa wa nne katika wale wanne wa upande wa mfalme? Ni huyo huyo wa e4. Umebaki na watatu kwa watatu. Bei umeshalipa, mzigo umeuacha dukani. Mwenzako naye ana maaskofu wawili, njia zao zote ziko wazi, mfalme wako yuko e2 katikati ya barabara, na askofu wake akienda g4 farasi wako wa f3 hawezi kuondoka, maana nyuma yake yuko mfalme. Sikudanganyi, mchezo huo haujapotea. Aliye makini anaweza kuushika. Lakini mwenzako anajua la kufanya na wewe hujui, na hiyo ndiyo nati inayokazwa.

Dawa yake ni hatua moja tu. Baada ya askari wa d kulipiza c6, mwache yule wa e5 kwanza. Mfiche mfalme. Robert Fischer, Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alifanya hivyo kwenye Olimpiadi ya chesi ya Havana mwaka 1966, na watu wakaanza kuipenda tena njia iliyokuwa imelala. Ukishamficha, ngome yako iko f1, na mambo yamebadilika. Mpwa wako asipomlinda askari wa e5, farasi wako anamla kweli: malkia akija d4, farasi anarudi f3; malkia akila e4, ngome yako inasogea e1, na malkia amekwama kati ya ngome yako na mfalme wake. Jaribu leo usiku ukiwa peke yako, ndipo utaona kwa nini Fischer hakuwa na haraka.

Na kuhusu hao askari waliopandana, usiwaite ubovu kama vile ni ukoma. Mwaka 2000 kule London, Vladimir Kramnik alimvua Garry Kasparov ubingwa wa dunia. Silaha yake kwa nyeusi ilikuwa njia ya Berlin: askari wawili mstari wa c, malkia wametoka hatua ya 8, mfalme hana tena ruhusa ya kujificha na ngome. Ukiitazama unaona fujo. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja katika mashindano yale. Fujo ile haikuwa na tundu la kuingilia. Swali si kama askari wamepandana; ni kama kuna mtu anayeweza kuwafikia, na wao wameacha njia gani wazi. Mpwa wako alipolipiza kwa askari wa d alikuwa anamfungulia malkia wake na askofu wa c8 mlango kwa mpigo mmoja. Huyo mtoto anajifunza mahali, fundi. Haokoti.

Ile ya f7 nitaipita haraka, kwa sababu karibu kila aliyetoka kwenye drafti ameifanya. Alama 6 kwa 6 ni hesabu ya duka. Mwanzoni mwa mchezo farasi na askofu ndio wanaopigana. Ngome inangoja mistari ifunguke, na mistari yako ilikuwa haijafunguka. Ulitoa kete zako mbili pekee zilizokuwa kazini. Yeye akabaki na farasi wawili na askofu nje, na mfalme wake wa f7 akirudi g8 hakuna wa kumbisha hodi.

Nyumbani kwetu ni Hombolo, tunalima zabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kupogoa ni kazi tunayoifanya tukiwa bado na kumbukumbu ya ile iliyopita. Ukimpa mgeni mkasi anakata kila tawi analolifikia, anafurahi, shamba linaonekana safi. Miezi inayofuata mzabibu wake una majani tu. Mzoefu anasimama kwanza, anatazama waya, anajua tawi lipi litalala wapi. Askari wa chesi ni waya huo. Hawarudi nyuma hata hatua moja. Ukila kwa askari, umeusogeza waya na utaishi nao hivyo mpaka mwisho.

Sasa ile wiki yako ya kufunga mdomo. Hukukosea kwa kutokula, maana baada ya e5 hapakuwa na cha kula. Ulikosea kwa kutokugombana. Mwenzako ana mnyororo wa askari, d4 na e5, na mnyororo unapigwa kwenye shina. Shina ni d4. Sukuma c5, halafu farasi c6, halafu malkia b6, wote wakitazama d4. Sasa ana kazi ya kulinda, na wewe ndiye unayeamua c5 ale d4 lini. Usiwe na haraka hapo pia. Askari wawili wanaotazamana wakiwa bado hawajalana humchosha yule mwenye mengi ya kulinda. Yule mgonjwa wako wa c8 unaweza hata kumtoa kwa kubadilishana: sukuma askari b6, askofu a6, umkabili askofu wake mzuri wa f1. Akikubali, umetoa kete yako mbovu kuliko zote ukapokea mojawapo ya nzuri zake. Kula kwa namna hiyo nakuruhusu hata bila kufikiri.

Ukiwa na nyeupe, yeye akicheza e6 na d5 dhidi yako, najua unafanya nini. Unakula d5 papo hapo. Analipiza kwa askari wa e, na yule askofu wa c8 aliyekuwa amefungiwa ndani anaona mwanga. Umemfungulia mlango kwa mkono wako. Si hatua ya kukufunga, wakubwa huicheza, lakini usiicheze kwa sababu kidole kiliwasha.

Mengine nitakutajia kwa mkato. Ukibanwa, badilishana, maana chumba kidogo hakitoshi watu wengi. Ukizidi kete, badilishana kete kubwa na uwatunze askari wako, kwa sababu mmoja wao atakuja kuwa malkia. Ukipungukiwa fanya kinyume: badilishana askari, bakiza kete kubwa, uombe sare.

Kwa mazoezi, kaa juu ya mkono wako wa kulia. Sikutanii. Cheza kwa wiki mbili ukiwa umeukalia, na kabla ya kuutoa ili ule kitu, sema kwa sauti: “Akilipiza, nani amekaa hapa?” Mpwa wako atasikia, na kwa mara ya kwanza atajua unachofikiria. Mwache ajue. Akikusahihisha, msikilize.

Hilo la aibu ndilo lililonishangaza katika barua nzima. Mtu anakuletea simu imekufa, mtoto wa miaka 20 aliyetoka kusoma mambo ya simu mpya akikuonyesha kasoro iko wapi, unamfukuza mezani? Unamvutia stuli. Basi mwambie binti: leo hatuchezi kwa dau, nionyeshe hatua zako 10 za kwanza na uniambie kila askari umemsogeza kwa nini. Wasichana wa umri huo hupenda sana kuulizwa kwa nini, na huchoka haraka kufunga mtu yule yule kila siku. Na urudi nyumbani mapema. Mkeo hakucheka kwa ubaya, alicheka kwa sababu ni kweli.

Huyo malkia wa kizibo mtafutie mwenzake. Kipande cha plastiki ya kava la simu, gundi na jioni moja vinakutosha, wewe ni fundi.

Soda 11 ni deni, lilipe. Nunua kreti zima. Lina chupa 24, kwa hiyo zitabaki 13. Hizo ndizo muanze kuzigombea, na mchezo wa kwanza chukua nyeupe, askofu b5.